Daktari, Naomba Sindano: Mwongozo kwa Mwenye Kemisti

Ukiwa unauza dawa Kisauni, Likoni, Ukunda au Malindi, mteja huyu unamjua. Husimama kando mpaka wengine waondoke, kisha husogea kaunta na kusema kwa sauti ya chini, "Daktari, naomba sindano." Haulizi bei kwa sababu anaijua, na macho yake yako mlangoni.

Mwongozo huu unahusu nusu dakika inayofuata: unamwambia nini, unampa sirinji ipi, na unafanya nini na zile zilizotumika. Umeandikwa kwa ajili ya pwani ya Kenya. Mwenye duka la dawa wa Temeke au Unguja atakuta mengi yanamhusu pia.

KWA NINI UMUUZIE

Wauzaji wengi wanahofia kwamba wakitoa sirinji wamemsaidia mtu kutumia unga, yaani heroini. Hofu hiyo ni ya mtu mwenye dhamiri, lakini hebu fuata mambo yanavyokwenda. Anayekuja kuomba sirinji ameshaanza kujidunga, na mara nyingi kete iko mfukoni. Arosto, yaani mateso ya kukosa unga, ikianza kumbana hasubiri duka jingine lifunguliwe asubuhi. Atakwenda maskani, wanapokutana wanaojidunga, ataazima ya mwenzake. Ukimnyima umebadilisha kitu kimoja tu, nacho ni usafi wa sindano.

Virusi vya UKIMWI hukaa hai ndani ya sirinji yenye mabaki ya damu. Maabara zimevikuta vikiwa hai hadi siku 42 katika joto la kawaida la chumba katika nchi za baridi. Joto letu la nyuzi 30 huvimaliza haraka zaidi, na baada ya wiki moja ni sirinji chache mno zinazobaki navyo. Ila usifurahie bado, maana sirinji ya maskani hailali wiki. Inatoka mkono huu kwenda ule kwa dakika. Virusi vya homa ya ini aina ya C ni sugu zaidi: vimewahi kukutwa hai ndani ya sirinji baada ya siku 63.

Matokeo yake yanaonekana kwenye takwimu. Kiwango cha maambukizi ya virusi vya UKIMWI ambacho wizara ya afya ya Kenya imekitumia kwa miaka mingi kwa watu wanaojidunga ni asilimia 18, ilhali utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta asilimia 5.6 kwa watu wa miaka 15 hadi 64. Watu hao wana wake, waume na watoto, kwa hiyo habari haiishii maskani.

Kama bado una shaka, tazama miji miwili ya mbali. Edinburgh, Uskochi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, sindano ziliadimika: maduka yalisita kuziuza na polisi waliwaandama waliozibeba. Heroini haikuadimika. Mwaka 1986 madaktari wa mtaa mmoja wa jiji hilo walichapisha vipimo vya watu 164 waliokuwa wakijidunga, na asilimia 51 walikuwa na virusi. Sasa nenda Connecticut, Marekani. Hadi 1992 sirinji haikuuzwa huko bila cheti cha daktari. Mwaka huo sheria ililegezwa, mtu akaruhusiwa kununua hadi kumi bila cheti. Watafiti waliowahoji wanaojidunga kabla na baada ya hapo walikuta waliopokezana sirinji wameshuka kutoka asilimia 52 hadi 31. Ni kaunta za famasi zilizofanya kazi.

Kenya ina mpango wa kugawa sindano bure tangu 2013, chini ya NASCOP, mpango wa taifa wa kudhibiti UKIMWI, na mashirika kama MEWA ya Mombasa, Omari Project ya Malindi na Teens Watch ya Ukunda. Basi duka lako la nini? Saa. Vituo hufunga jioni, na Jumapili usiku mhamasishaji wa shirika yuko kwake. Tena wapo wasiotaka kuonekana kituoni kabisa, hasa wanawake na wenye kazi za heshima mtaani. Na mapema 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, vituo kadhaa vilivyoitegemea vilifunga au vikapunguza huduma. Kemisti ilibaki wazi.

SHERIA, KWA UFUPI

Sirinji si dawa ya kuandikiwa. Mgonjwa wa kisukari huinunua kwako bila kuonyesha kadi, na mteja huyu vilevile.

Mwenye wasiwasi wa kweli ni mnunuzi. Sheria ya Kenya ya 1994 kuhusu dawa za kulevya inahesabu kuwa kosa kumiliki vifaa vya kutumia heroini, na askari wa doria anaweza kuisoma hivyo akikuta sirinji mfukoni mwa kijana. Ndiyo sababu macho yake yako mlangoni. Kazi yako hapo ni ndogo: mpe sirinji zikiwa kwenye pakiti zilizofungwa, usimwandike jina popote, na usikubali kaunta yako iwe mtego wa kumnasia mtu. Habari zikienea kwamba kwako watu hukamatwa, hatarudi yeye wala wenzake.

SIRINJI IPI?

Hapa wauzaji wengi hukosea bila kujua, kwa hiyo soma polepole.

Shika mkononi sirinji ya 2 ml au 5 ml, ile ambayo sindano yake huchomolewa. Sukuma kipini mpaka mwisho. Pale sindano inapokutana na sirinji panabaki nafasi ambayo kipini hakifiki, na humo damu hubaki. Vipimo vimeonyesha wastani wa mililita 0.084. Sasa shika sirinji ya insulini ya 1 ml, ile ambayo sindano yake imeshikamana moja kwa moja. Nafasi hiyo ni kama mililita 0.002 tu. Zote mbili zikisuuzwa kwa maji, ile ya kwanza inaweza kubaki na damu mara elfu zaidi ya hii. Tangu 2012 Shirika la Afya Duniani limependekeza mipango ya sindano itoe aina yenye nafasi ndogo.

Kwa hiyo, mteja asipotaja aina, mpe ya insulini ya 1 ml. Haimlindi anayepokezana, lakini siku akikosea, inapunguza ukubwa wa kosa.

Lakini usimlazimishe. Wapo ambao mishipa ya mikono imechoka na sindano fupi ya insulini haiwafai. Wao wataomba ya 2 ml yenye sindano ya kuchomolewa. Wauzie. Hapo mshauri achukue sindano nyembamba kadiri inavyomfaa. Rangi ya kitako itakuongoza: ya machungwa ni geji 25, ya buluu ni 23, ya kijani ni 21. Namba ikipanda, sindano inakuwa nyembamba na jeraha linakuwa dogo. Anayeomba ya kijani huenda anajidunga kwenye kinena, na huyo anahitaji kituo cha afya haraka kuliko wengine, maana mshipa mkubwa wa damu uko jirani kabisa.

Sirinji zinazojifunga baada ya kutumika mara moja, kama zile za chanjo, zinasikika kama suluhisho. Kwa mteja huyu mara nyingi si suluhisho. Nyingi haziruhusu kipini kurudi nyuma mara ya pili, na yeye huhitaji kukivuta aone damu ndipo ajue ameupata mshipa. Atajaribu, itajifunga na dawa ikiwa ndani, naye ataazima ya mwenzake.

Ngapi? Heroini hushika kwa saa chache. Wengi hujidunga mara mbili hadi nne kwa siku, kwa hiyo anayenunua sirinji moja asubuhi ataitumia tena mchana na usiku. Mwambie bei ya tano au kumi. Akiwa na pesa ya moja tu, mpe hiyo moja bila maneno.

KWENYE KAUNTA: HATUA KWA HATUA

1. Msalimie kama wengine. "Karibu kaka." "Karibu dada." Ukimwita teja, hata kwa utani, hatarudi. Mhudumie kwa zamu yake. Usimfanye asubiri duka liwe tupu, wala usimsukume mbele ili aondoke upesi.

2. Uliza swali moja: "Ya insulini au ya 2 ml?" Swali hilo linamwambia kwamba huduma ipo na mahojiano hayapo. Usiulize ni ya nini.

3. Kagua pakiti. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi, na kama karatasi imechanika au ilipata maji. Pakiti iliyotoboka si safi tena hata kama sirinji inang'aa. Usiifungue wewe.

4. Taja bei ileile ya kila mtu. Kuna maduka yanayopandisha bei yakimtambua mnunuzi. Kila shilingi unayoongeza inamsogeza karibu na sirinji ya kuazima.

5. Ongeza vidogo kama anavimudu: pamba ya spiriti ya kufutia ngozi kabla ya kudunga, na maji ya sindano ya ampuli. Wapo wanaochota maji kwenye ndoo ya maskani, na humo hutoka majipu na maambukizi ya damu.

6. Sema sentensi moja, si tatu. Chagua inayomfaa siku hiyo:
"Hii ni yako peke yako, na ni ya mara moja."
"Hata kijiko, pamba na maji msitumie pamoja." Hili wengi hawalijui. Homa ya ini C hupita humo hata kama kila mtu ana sirinji yake.
"Usirudishe kifuniko kwenye sindano ya mwenzako."

7. Mpe kijikaratasi chenye jina la kituo na njia ya kufika. Malindi na Kisauni kuna kliniki za serikali za methadoni, dawa ya kunywa kila siku inayozuia arosto. Usimhubirie; kiweke ndani ya mfuko. Siku akichoka atakitafuta.

8. Funga kwenye mfuko usioonyesha ndani, mrudishie chenji, umwambie "Karibu tena."

Kuhusu wanawake, neno la ziada. Mwaka 2005 watafiti waliripoti kutoka Dar es Salaam kwamba baadhi ya wanawake waliokosa pesa ya kete walikuwa wakidungwa damu ya mwenzao aliyetoka kujidunga, kwa imani kwamba itawaondolea arosto. Damu hiyo haina unga wa kutosha kumtuliza mtu, lakini ikiwa na virusi vinaingia moja kwa moja mshipani. Mteja wako wa kike akikuzoea, mwambie hivyo waziwazi.

Na akija mtoto? Kama ametumwa, mwambie aliyemtuma aje mwenyewe. Kama dalili zinaonyesha ni yake, sina kanuni ya mstari mmoja ya kukupa. Kumfukuza ndilo jibu baya kuliko yote, kwani mdogo huwa wa mwisho kupokea sirinji maskani, baada ya wakubwa wote. Mpigie mhamasishaji wa shirika lililo karibu akiwa bado yuko mbele yako. Namba hiyo iwe imebandikwa nyuma ya kaunta.

[KISANDUKU: MAKOSA YANAYORUDIWA]

• Kudai kadi ya kisukari kwa mmoja na kutoidai kwa mwingine.
• Kuuza sindano bila sirinji, au sirinji bila sindano. Anayepungukiwa ataazima.
• Kumlazimisha anunue na dawa nyingine ili "biashara ionekane".
• Kukataa kuuza chini ya boksi zima.
• Kumwambia achemshe au aloweke kwenye dawa ya madoa kisha atumie tena. Dawa ya madoa hupunguza hatari pale ambapo sirinji mpya haipatikani kabisa. Haiifanyi sirinji kuwa safi, na wewe unazo mpya rafuni.
• Kumtangazia mteja anayefuata: "Umemwona yule?"

ZILIZOTUMIKA

Jirani atakayekuja kulalamika hatazungumzia UKIMWI. Atazungumzia sindano iliyookotwa na mwanawe uchochoroni, na atakuwa na haki. Kwa hiyo, siku nyingine ile sentensi yako moja iwe ya kusema zitakwenda wapi.

La kwanza na rahisi: mwambie mteja atumie chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko cha kuzungusha, kama ile ya sabuni ya maji. Chupa ya maji ya kunywa hutoboka. Ikijaa robo tatu aifunge na kuipeleka kituo kinachogawa sindano.

La pili ni kwa duka lililo tayari kupokea. Kabla hujaanza, kubaliana na hospitali au dispensari yenye tanuri la kuchomea taka, na uulize kaunti utaratibu wa kuzisafirisha. Taka za aina hiyo zina kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, kwa hiyo hazibebwi kwa bodaboda kwenye mfuko. Ukishapata njia:

1. Weka sefti boksi, boksi gumu la kutupia sindano, mahali ambapo mteja anafika na mtoto hafiki.
2. Mteja adumbukize mwenyewe. Usipokee kwa mkono, usihesabu, usipange.
3. Boksi likifika robo tatu lifunge. Usilishindilie.
4. Usimuuzie mtu kwa sharti la kurudisha. Aliyekimbizwa na askari usiku hana cha kurudisha, na ndiye anayehitaji mpya.

Sindano ikikuchoma: osha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikamue, usisugue, usipake spiriti kali. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukaulizie dawa za kinga za UKIMWI, PEP. Zinafaa zikianza ndani ya saa 72, na kila saa unayowahi ni faida; humezwa kwa siku 28. Chanjo ya homa ya ini B usisubiri ajali: kila anayesimama kaunta apate dozi zake tatu sasa.

AKIZIDIWA KARIBU NA DUKA LAKO

Itatokea, siku moja, kwamba mtu ameanguka ukutani mwa jirani na watu wanakimbilia kwako kwa sababu una koti jeupe. Dalili za heroini kuzidi ni tatu: hajibu hata ukimfikicha kifuani kwa vifundo vya vidole, anapumua kwa nadra au kwa mkoromo wa ajabu, midomo na kucha zimegeuka buluu au kijivu.

1. Tuma mtu aite gari la wagonjwa au gari lolote. Kama kliniki ya methadoni au shirika liko karibu, uliza naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa.
2. Mlaze chali, inua kidevu, toa kilichomo kinywani. Kama hapumui, mpulizie pumzi moja kila baada ya sekunde tano, pua ukiwa umeibana.
3. Akianza kupumua mlaze ubavu ili asipaliwe na matapishi.
4. Akipewa naloksoni akaamka, asiachwe aondoke peke yake. Dawa hiyo huisha nguvu kabla ya heroini, mara nyingine ndani ya nusu saa, na anaweza kuzama tena.

Usimnyweshe maziwa, usimmwagie maji ya barafu, wala usimdunge maji ya chumvi. Yote hayo yanasifiwa maskani na yote hupoteza dakika ambazo mtu hapumui.

WAFANYAKAZI WAKO

Mwenye duka anaweza kukubali yote haya halafu kijana wa zamu ya usiku akafukuza kila mtu. Zungumza nao kabla. Pingamizi utakalolisikia zaidi pwani ni la dini, na si jipya: serikali ilipotangaza mpango wa sindano mwaka 2012, baadhi ya maimamu waliupinga hadharani. Usilidharau. Ila mkumbushe kijana kwamba MEWA ni taasisi ya Waislamu nayo imefanya kazi hii, na kwamba kanuni ya kuchagua dhara jepesi kati ya mawili haikuletwa na wafadhili. Kama bado moyo unakataa, panga zamu ili mwenzake ashughulikie. Usimwache aseme "zimeisha" na ziko rafuni. Wateja hawa hupeana habari, na uongo huo husambaa hadi Bamburi kabla hujafunga duka.

KABLA YA AGIZO LIJALO

☐ Sirinji za insulini 1 ml, za kutosha wagonjwa wa kisukari na wateja hawa pia. Hesabu mauzo ya mwezi uliopita, kisha ongeza. Ukianza kuuza bila maswali idadi itapanda.
☐ Sirinji za 2 ml, na sindano za machungwa na buluu.
☐ Pamba za spiriti na ampuli za maji ya sindano.
☐ Mifuko isiyoonyesha ndani.
☐ Vijikaratasi vya kituo, vimehakikiwa kwa simu kwamba kituo bado kinafanya kazi.
☐ Sefti boksi, kama una mahali pa kulipeleka likijaa.
☐ Namba ya mhamasishaji nyuma ya kaunta.
☐ Jina la kemisti nyingine ya karibu inayouza bila maswali. Mzigo ukichelewa na zako zikaisha, umwelekeze mteja huko.